Chumba Namba 217

20 Februari

Leo msichana mpya ameripoti kazini. Anaitwa Szalay Emese, ana miaka ishirini na minne na shahada ya hisabati kutoka Budapest. Ndugu Kerekes, mkuu wetu wa idara, alimzungusha ofisi nzima ya maji, hata stoo ya ramani ambayo mimi niliigundua mwenyewe mwaka wangu wa pili. Walipofika mezani kwangu akasema, "Na huyu ndiye Ndugu Vadász Piroska, aliyeandika programu yetu ya mafuriko. Amri elfu moja na mia nne, zote kwa kalamu ya risasi."

Msichana akanipa mkono. "Nimesikia habari zako nyingi, shangazi Piroska."

Shangazi. Nina miaka thelathini na minane.

Mto Tisza bado umeganda kingoni. Kimo darajani: sentimeta 182.

23 Februari

Gellért, fundi wetu wa mashine, huja na chupa yake ya kahawa, na kwa miaka sita kikombe cha kwanza kimekuwa changu, kabla hata hajafungua kabati la taa za vioo zinazoendesha mashine. Leo cha kwanza kimekwenda kwa Emese. Changu kilikuja cha pili, kimeshapoa.

24 Februari

Theluji. Hakuna la kuandika.

27 Februari

Wamekuja wenyeviti wa vijiji vya chini ya mto kutazama mashine yetu ya kuhesabu. Kila mwaka huja kabla ya theluji kuyeyuka, na kila mwaka mimi ndiye ninayewaeleza, nao hutazama saa. Leo Kerekes alisema, "Tumwache Emese ajaribu. Wewe pumzisha koo, Ndugu Vadász." Koo langu halikuwa na tatizo lolote.

Nikasimama nyuma, karibu na mlango.

"Fikirieni mtaa mrefu," Emese alianza. "Una vyumba elfu nne, kila kimoja na namba mlangoni. Ndani ya kila chumba mna kitu kimoja tu: namba. Sasa mtaa huo una tarishi mmoja. Ana begi, na ana kikaratasi mkononi kinachomwambia aende chumba kipi. Anakwenda, anasoma namba iliyomo, anafanya inavyosema, kisha anaongeza moja kwenye kikaratasi chake na kwenda chumba kinachofuata. Maisha yake yote ni hayo."

"Namba inasemaje kitu, binti?" akauliza Csorba Ábel, mwenyekiti wa Tiszakeve, mzee mwenye masharubu ya manjano kwa tumbaku.

"Tarakimu mbili za mbele ni kazi, nne za nyuma ni mlango. Kumi na moja maana yake jumlisha. Kwa hiyo kumi na moja, sifuri mia sita: nenda chumba namba mia sita, tazama kilichomo, jumlisha kwenye begi lako. Ishirini maana yake weka kilicho begini kwenye chumba fulani. Thelathini: kama begini mna deni, futa kikaratasi chako na uruke hadi chumba ninachokutajia. Kazi zenyewe ziko ishirini na tisa tu. Hajui nyingine."

"Hata farasi wangu anajua zaidi," akasema mzee.

"Farasi wako hafanyi kazi elfu moja kwa sekunde, mzee."

Wakacheka. Kisha Csorba akauliza swali ambalo kwa miaka sita hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza. "Na vimo vya mto mmeviweka wapi?"

"Mtaa huo huo. Vyumba vya jirani."

"Sasa tarishi atajuaje kwamba hii ni amri na hii ni maji?"

"Hajui kabisa. Kwake zote ni namba. Ukikosea ukampeleka kwenye chumba chenye kimo cha mto, atakisoma kama amri na atakitekeleza."

"Atautekeleza mto," akasema mzee Csorba, na ukumbi wote ukaangua kicheko, Kerekes akicheka kuliko wote.

Yote aliyoyasema ni kweli. Mimi nimeyasema kila mwaka, tena kwa usahihi zaidi: tarishi ni kihesabu cha amri, begi ni mahali pa kukusanyia jumla. Hakuna aliyewahi kucheka. Nilitoka nikaenda kunawa mikono iliyokuwa safi.

3 Machi

Kerekes amempa Emese aiandike upya programu yangu. Hakuniambia; nilisikia akimwambia Gellért kwenye ngazi. Sababu ni kwamba yangu inachukua saa tisa kutoa utabiri mmoja, na mto wenye hasira hausubiri saa tisa.

Emese alikuja mezani na daftari langu la zamani. "Shangazi, naomba kuuliza. Hapa tunatafuta kipeuo kile kile mara mia nne. Kwa nini tusikitafute mara moja tukakiweka kwenye jedwali?"

Nikamwambia wakati ule mashine ilikuwa na nusu ya vyumba ilivyo navyo sasa, jedwali lisingetosha. Ni kweli. Lakini vyumba vimeongezwa miaka mitatu iliyopita, na katika miaka hiyo mitatu wazo hilo halikunijia.

Kimo: 215.

9 Machi

Amemaliza. Yake inachukua saa mbili na dakika ishirini. Jibu ni lile lile la programu yangu, hadi sentimeta. Gellért alimshika mkono akautikisa kama anapampu maji kisimani.

Nyumbani Mama alikuwa amepika tambi za mbegu za mpopi. "Unakula kama mtu anayegombana na sahani," akasema.

"Nimechoka."

"Hujachoka. Baba yako alikuwa na uso huo jirani aliponunua pikipiki."

12 Machi

Nitaandika kwa urefu leo.

Nilipotoka kunywa chai nilikuta juu ya meza yangu, chini ya kitabu cha vimo, orodha ya programu ya Emese. Karatasi kumi na tisa, kwa mwandiko wake wa duara. Nilifikiri ameisahau. Wenzangu walikuwa wameshuka kula, nikafunga mlango nikaisoma.

Nilikuwa natafuta kosa, sitajidanganya. Nilisoma kama mama mkwe anayepitisha kidole juu ya kabati. Na kwa kurasa saba nilichokiona ni uzuri tu. Mahali nilipotumia amri ishirini alitumia saba. Kuna mahali aliruka kwa njia ambayo ilinibidi niisome mara tatu kabla sijaielewa, na nilipoielewa niliona haya, kama mtu aliyevaa koti lake la sikukuu akakutana na lililoshonwa na fundi wa kweli.

Kisha nikafika chumba namba 217.

Humo mna amri: 11 0600. Jumlisha kilichomo chumba cha mia sita. Ndiyo mlango wa kwanza wa vimo vya mto: vituo kumi na viwili, vimo vinne kila kimoja, jumla arobaini na nane, kutoka 600 hadi 647. Ili asiandike amri hiyo mara arobaini na nane, amefanya tufanyavyo sote: baada ya kila mzunguko, programu inaichukua amri ya 217 yenyewe kana kwamba ni namba ya kawaida, inaiongeza moja, inairudisha mahali pake. Inakuwa 601, halafu 602, inajibadilisha yenyewe hadi mwisho. Ni sawa kabisa. Mashine haitofautishi amri na namba, na sisi tunakula kwa ujinga wake huo.

Lakini mzunguko ukiisha, chumba 217 kinabaki kikisema 648. Na hakuna mahali popote, nimetafuta kurasa zote kumi na tisa, ambapo Emese amekirudisha kwenye 600.

Ukiilisha mashine upya kanda nzima, ile ya karatasi yenye matundu, hutaona kitu, kwa kuwa kanda inaandika upya kila chumba cha programu. Ndivyo amekuwa akijaribu. Ila ukiiendesha mara ya pili bila kuilisha kanda, itaanzia 648. Na najua kilichomo kuanzia 648, kwa sababu nilikiweka mimi, kwa ajili ya majaribio, na Emese hajakigusa: mafuriko madogo ya Machi mwaka jana, siku ile maji yalipoanza kushuka.

Haitatoa upuuzi. Ingetoa upuuzi, mtu angeshtuka. Itatoa jibu zuri, la kuaminika, la mwaka jana.

Mwaka wangu wa kwanza nilifanya kosa hili hili na likanila wiki nzima. Marehemu Bodnár, aliyenifundisha kazi, aliliona kwa dakika tano, akaweka kidole juu ya mstari, hakumwambia mtu.

Nikarudisha karatasi chini ya kitabu cha vimo. Nitamwambia kesho.

13 Machi

Sikusema. Alikuwa na Kerekes asubuhi nzima.

14 Machi

Sikusema. Alikuja mezani akachukua karatasi zake. "Ziko sawa, shangazi?" Nikasema, "Zipi?" kama sijaziona. Akatabasamu, akaondoka nazo.

15 Machi

Sikukuu. Gwaride, bendera, mvua nyepesi. Emese alikuwa na koti jekundu. Gellért alimshikia mwavuli.

17 Machi

Sikusema. Barafu imevunjika darajani kwa mshindo uliosikika hadi sokoni. Kimo: 308.

Nimejiuliza kwa nini nimtafutie makosa yake bure, mtu mwenye shahada. Atajifunza. Mimi nilijifunza.

22 Machi

Kerekes ametuita wote kusoma utaratibu wa dharura. Mafuriko yakija, vimo vipya vitaingizwa kila baada ya saa tatu. Kanda ya programu italishwa mara moja tu, mwanzoni, kwa kuwa inachukua dakika arobaini na kila ikipita inachanika kidogo. Baada ya hapo ni kanda fupi ya vimo tu. "Programu itakayotumika ni ya Ndugu Szalay. Ya Ndugu Vadász tunaishukuru, tunaiweka kabatini."

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Emese alikuwa ananitazama, kama vile anasubiri.

Ndipo Gellért alipoinama akamwambia kwa sauti ya chini, ila si ya chini vya kutosha, "Jumapili mama yangu anapika supu ya samaki. Njoo uonje pilipili ya paprika ya kweli, si ile yenu ya Budapest."

Miaka sita nimesikia habari za supu ile.

Nikafunga mdomo.

26 Machi

Mvua. 487.

28 Machi

Mvua, na huko juu milimani joto la ghafla; theluji yote inashuka kwa wakati mmoja. 541. Mama ameniuliza kwa nini nasaga meno nikilala.

30 Machi

655. Likizo zimefutwa. Kesho tunaanza saa kumi na mbili asubuhi.

31 Machi

Saa kumi na mbili asubuhi kanda ya Emese ililishwa. Saa tatu jibu la kwanza likatoka: mlima wa maji utafika Tiszakeve leo jioni, sentimeta 812. Tuta la Tiszakeve linahimili 780. Kerekes alishika simu papo hapo. Malori kumi na nne, askari, mifuko ya mchanga, yote Tiszakeve.

Saa tatu na dakika kumi vikaingia vimo vipya, kwa kanda fupi. Mara ya pili.

Nilikaa karibu na mashine ya kuchapa. Kwa muda wote wa saa mbili na dakika ishirini nilikuwa na nafasi ya kusimama, na sikusimama. Nilijiambia labda amelirekebisha. Nilijiambia labda nilisoma vibaya. Saa tano na nusu ikachapa: kilele 744, leo mchana, kisha maji yatashuka.

Mia saba arobaini na nne. Ni kilele cha mwaka jana. Nilikiandika kwa mkono wangu.

Watu wote wakashusha pumzi. "Mvua za juu zimepungua," akasema Kerekes, akijifuta shingo kwa leso. "Nilijua zitapungua." Mji wa Feketelap, upande wa juu wa mto, ulikuwa ukilia tangu asubuhi kwamba lango lake la maji linavuja. Akashika simu akaamuru malori yaondoke Tiszakeve yaende Feketelap. Gellért akaweka mkono begani kwa Emese. "Umeuokoa mji na usingizi wa mkuu wetu," akamwambia.

Nitaandika hapa muda niliokaa kimya baada ya hapo, kwa kuwa hakuna mwingine anayeujua. Dakika ishirini na tano.

Sikutaka mtu azame. Nataka hilo lisomeke. Nilitaka Emese aone mwenyewe, apauke mbele yao. Nilitaka Kerekes ageuke aseme, "Ndugu Vadász, hebu njoo utazame." Nilitaka niombwe. Nilikaa nikisubiri kuombwa, na mto ukipanda.

Simu ikalia. Msoma kimo wa Tiszakeve. Kerekes akasikiliza. "Anasema unapanda sentimeta sita kwa saa," akatuambia, kisha kwenye simu, "Tazama vizuri, ndugu. Mashine inasema unashuka."

Nilisimama. "Ndugu Kerekes, rudisha malori."

"Kwa nini?"

"Chumba mia mbili kumi na saba hakikurudishwa mia sita. Mashine imesoma mafuriko ya mwaka jana."

Kerekes hakuelewa hata neno. Lakini Emese alielewa kabla sijamaliza. Uso ulimpauka, akakimbilia kwenye kanda kuilisha upya kwa pupa, hata karatasi ikachanika. Dakika arobaini, na kanda imechanika.

Nikaenda kwenye meza ya swichi. Nikaisimamisha mashine, nikakichagua chumba 217, nikabonyeza kwa vidole vyangu tarakimu sita: moja, moja, sifuri, sita, sifuri, sifuri. Nikaianzisha.

Ilichukua chini ya dakika moja. Nilikuwa nimekaa nayo siku kumi na tisa.

Malori yalikuwa yameshavuka daraja la Feketelap. Yaligeuzwa, yakakuta barabara imejaa mikokoteni ya watu waliokuwa wakihama. Yalifika Tiszakeve saa tisa. Mashine ilisema 815, na safari hii ilisema kweli. Saa kumi na robo tuta lilibomoka upande wa bustani, pale ambapo mifuko ya mchanga ilikuwa imeanza kupangwa asubuhi kisha ikaachwa.

Nyumba thelathini na moja. Hakuna aliyekufa. Nimeuliza mara tatu.

1 Aprili

Watu wa Tiszakeve wamelazwa kwenye ukumbi wa shule ya mji. Nilikwenda kugawa supu. Kuna mwanamke aliyekuja na bata bukini ndani ya mfuko wa matandiko na hakukubali kumwachia mtu. Mzee Csorba yuko kwenye godoro karibu na dirisha, mguu umefungwa. Ngazi ya banda ilimwangukia akitoa nguruwe. Nyumba yake imebaki ukuta mmoja.

Alinitambua. "Wewe ni wa ile mashine."

"Ndiyo, mzee."

"Nimesikia binti analia tangu jana. Mwambie asilie. Si alisema mwenyewe tarishi hajui lolote? Hajui, basi. Utamlaumu nani?"

Nikamjazia bakuli mara ya pili.

3 Aprili

Emese ameandika barua: kosa ni lake peke yake, hakujaribu programu mara mbili mfululizo. Kerekes ameisoma mbele yetu kwa sauti kavu. Tume inakuja kutoka wilayani tarehe kumi. Mpaka hapo yeye haruhusiwi kugusa mashine.

Kisha akanigeukia. "Bila jicho la Ndugu Vadász tungekuwa tunahesabu maiti." Akanishika mkono. Programu yangu imetolewa kabatini.

4 Aprili

Kahawa ya kwanza imekuja kwangu. "Piri," Gellért akasema, "sijui tungefanyaje bila wewe." Ilikuwa ya moto. Niliinywa yote na, Mungu anisamehe, ilikuwa tamu.

5 Aprili

Nimealikwa Jumapili kwenye supu ya samaki.

8 Aprili

Supu ni nzuri. Nyekundu, nzito, mama yake huondoa miiba kwa uvumilivu wa mtu anayeshona. Nilikaa kwenye kiti ambacho wiki mbili zilizopita alikaa Emese. Mama yake aliniambia bila kuulizwa. "Yule mtoto alikuwa na adabu," akasema. "Alizungumza habari zako tu. Shangazi Piroska hivi, shangazi Piroska vile."

Nilipita ofisini nikirudi. Sijui kwa nini, ilikuwa Jumapili. Emese alikuwepo, anapanga vitabu vyake kwenye sanduku la kadibodi.

"Unaondoka kabla ya tume?"

"Nitawasubiri. Lakini najua watakachosema." Alifunga kitabu kwa gazeti. "Shangazi, naomba nikuulize kitu kimoja, usikasirike. Ile siku ulijuaje? Jibu lilitoka, na hukutazama karatasi yoyote. Ulitaja chumba chenyewe kwa namba."

Ningeweza kusema ni uzoefu. Neno lilikuwa tayari kinywani.

"Nilisoma orodha yako," nikasema. "Tarehe kumi na mbili Machi. Ulipoisahau mezani kwangu."

Nilisubiri anipigie kelele.

"Sikuisahau," akasema. "Niliiweka. Nilitaka uikague, lakini niliona haya kukuomba; kila nikija mezani kwako ulikuwa unakunja uso. Nikasema nitaiacha chini ya kitabu chako, akiona kosa ataniambia. Siku mbili hukusema kitu, na nilipoichukua niliona imeguswa. Nikajua iko sawa." Akaketi juu ya kiti kama mtu aliyekatwa kamba. "Ndiyo maana sikuijaribu mara ya pili. Kwa sababu uliisoma wewe."

Nje watoto walikuwa wakirusha mawe kwenye madimbwi.

"Kwa nini?" akauliza.

"Kwa sababu ni nzuri kuliko yangu."

Akaendelea kufunga vitabu, na mimi nikaondoka.

9 Aprili

Saa mbili asubuhi niliingia kwa Kerekes nikamwambia yote, pamoja na zile dakika ishirini na tano. Alisikiliza akizungusha kalamu. Mwishoni akasema, "Ndugu Vadász, ungenyamaza tu, nani angejua?"

"Yeye anajua."

"Ingekuwa neno lake dhidi ya lako."

"Basi andika langu."

Aliandika. Gellért alisikia kabla ya mchana. Alipita mbele ya meza yangu na chupa yake, akaenda moja kwa moja kwenye kabati la taa.

10 Aprili

Tume. Watu watatu, makoti ya kijivu. Waliniuliza kama nilikuwa na nia ya kuhujumu. Nikasema hapana. Mmoja, mwanamke, akauliza, "Sasa nia yako ilikuwa nini?" Nikasema wivu. Akamtazama mwenzake kama anayeuliza neno hilo linaandikwa kwenye safu ipi.

15 Aprili

Uamuzi. Emese: onyo la maandishi, anabaki, programu yake inarudi ikiwa na mstari mmoja wa nyongeza. Mimi: naondolewa chumba cha mashine. Kituo cha kusoma kimo cha Tiszakeve kinahitaji mtu, aliyekuwepo nyumba yake imekwenda na maji na amehamia kwa dada yake. Nianze Mei mosi.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Baba yako, jirani alipoanguka na ile pikipiki, alimbeba mgongoni hadi hospitali. Na alirudi akisema, lakini pikipiki ni nzuri."

2 Mei

Tiszakeve. Kibanda cha mbao, kitanda, jiko, simu ya kuzungusha. Kila baada ya saa sita nashuka ngazi hadi kwenye ubao wenye alama na kusoma. Watu wanajenga upya. Wanajua mimi ni nani. Hapa habari hutembea. Mzee Csorba amepita na magongo, hakusimama. Mwanamke wa bata bukini ameniuzia mayai kwa bei ya kila mtu.

3 Mei

349.

4 Mei

347.

6 Mei

Mvua mbili mfululizo, mto umepanda tena, si kwa kutisha. Adhuhuri nilisoma ubao, nikapanda, nikazungusha simu. Kwa kawaida hupokea karani. Leo amepokea Emese.

"Chumba cha mashine."

"Tiszakeve," nikasema. "Kimo cha saa sita."

"Sema, Ndugu Vadász."

Ndugu Vadász. Si shangazi tena. Nyuma yake nilisikia mngurumo wa mashine na sauti ya Gellért akicheka jambo fulani, na kile nilichodhani kimekufa kikaamka kifuani kizima kizima. Ningali namwonea wivu. Namwonea kwa kila mstari wa zile karatasi kumi na tisa, kwa vicheko vya wageni, kwa kiti kile. Nilikuwa na karatasi yenye kimo mkononi, na kwa sekunde moja nilijua kwamba yupo mtu mmoja tu duniani aliyeuona ubao leo, na kwamba chochote nitakachosema kitaingia kwenye chumba chake, na mashine itakiamini.

"Mia nne kumi na mbili," nikasoma kama ilivyoandikwa kwenye karatasi.

"Rudia, tafadhali."

"Nne, moja, mbili."

Nilimsikia akiandika.